Homa ya ini C: tunapima watu halafu tunawaacha njiani

Mwezi Julai 2024 Shirika la Afya Duniani liliidhinisha kipimo cha kwanza cha mtu kujipima mwenyewe homa ya ini C. Kinaitwa OraQuick, unapitisha kijiti kwenye ufizi, unakichovya kwenye kichupa chenye maji yake, unasubiri dakika 20 halafu unasoma mistari kama ile ya kipimo cha mimba. Habari hiyo hata leo bado inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya huku Mwanza, hasa ikikaribia tarehe 28 Julai ambayo ni siku ya homa ya ini duniani, na maelezo yake ni yaleyale, kwamba sasa kazi imekuwa rahisi, mtu anajipima chumbani kwake anajua hali yake, kilichobaki ni uamuzi wake tu. Mimi nakifurahia hicho kipimo na natamani kifike kila duka la dawa kuanzia Kirumba mpaka Nansio. Ila tafsiri hiyo imekosewa na imekosewa mahali panapoumiza watu, kwasababu kipimo chenyewe hakimwambii mtu kama ana kirusi mwilini, kinamwambia tu kwamba aliwahi kukutana nacho. Ninavyoona mimi, kanda ya ziwa tumekwama kwenye kipimo cha pili, kile kinachotafuta kirusi chenyewe kwenye damu, na mpaka hicho kisogezwe karibu na wananchi, kila kampeni ya upimaji itakuwa inaongeza watu wenye hofu bila kuongeza watu waliopona.

Nieleze kidogo maana hapa ndo wengi wanapotezana. Kirusi cha C kinapita kwenye damu: damu ya kuongezewa ambayo haikupimwa, sindano iliyotumika kwa mtu mwingine, wembe mmoja kuchanjia chale watu watano, vifaa vya kung'olea meno visivyochemshwa vizuri, na mara chache mama kumwambukiza mtoto wakati wa kujifungua. Hakipiti kwenye sahani ya ugali wala kwa kupeana mikono. Mwili ukishakutana nacho unatengeneza kingamwili, yaani askari wa kupambana nacho, na vipimo vya haraka vyote, kiwe cha mate au cha tone la damu kidoleni, vinatafuta hizo kingamwili. Sasa katika kila watu 100 wanaoambukizwa, kama 30 hivi (wataalamu wanasema kati ya 15 na 45) miili yao inakifukuza kirusi yenyewe ndani ya miezi sita bila dawa yoyote, lakini kingamwili zinabaki miaka mingi. Mtu huyo ukimpima leo utamkuta nazo, ukimpima baada ya miaka kumi utamkuta nazo, na haumwi chochote. Aliyetibiwa akapona naye ni hivyohivyo. Wale waliobaki na kirusi ndo wenye shida, wanaishi nacho miaka 20 au 30 bila dalili yoyote wakati ini linapata makovu polepole, na wanakuja kushtuka tumbo limejaa maji au saratani imeshaanza.

Na huu ugonjwa unapona kabisa, hapa naomba tuelewane vizuri. Zamani tiba ilikuwa sindano za interferon kila wiki kwa miezi sita mpaka mwaka mzima, mgonjwa anadhoofika, ananyonyoka nywele, anapata sonona, na mwisho wa siku karibu nusu yao kirusi hakiondoki. Desemba 2013 Marekani ikaruhusu sofosbuvir, vidonge, na mambo yakabadilika moja kwa moja. Leo mchanganyiko wa sofosbuvir na daclatasvir unamezwa mara moja kwa siku kwa wiki 12 na unaponya zaidi ya watu 95 katika kila 100, karibu aina zote za kirusi hicho. Ukimwi hauna hiyo bahati, homa ya ini B haina hiyo bahati. Halafu pamoja na hayo yote makadirio ya Shirika la Afya Duniani kwa mwaka 2022 ni watu milioni 50 wanaoishi na C duniani na vifo 242,000 kwa mwaka mmoja huo. Watu wanakufa kwa kitu ambacho kina dawa ya miezi mitatu, na Afrika ndo tuko nyuma zaidi katika kuwatambua na kuwatibu.

Shemeji yangu mmoja alienda kumchangia mkewe damu kwenye hospitali moja, akaambiwa damu yake haifai kwasababu ana homa ya ini, basi, hakuna aliyemwambia ni B au C wala aende wapi. Alikunywa dawa za mizizi karibu mwaka mzima, akaacha kula na watoto wake sahani moja, mpaka alipokuja kulipia kipimo cha kirusi mwenyewe akaambiwa hana. Kingamwili tu, mwili ulishamaliza kazi siku nyingi. Nawaza ni wangapi wako kama yeye, na zaidi nawaza wale ambao wangelipia kipimo hicho wangekutwa nacho kweli na wangeanza dawa mapema.

Huku kwetu kuna jambo lingine linaloficha ugonjwa huu, nalo ni kichocho. Mtu aliyekulia kandokando ya ziwa, amechota maji, amevuta nyavu, ameogelea utotoni visiwani Ukerewe au Kome, kichocho cha tumbo anakijua, na kichocho kinaharibu ini kweli, kinaziba mishipa inayoingiza damu kwenye ini, bandama linavimba, mishipa ya koo la chakula inavimba mpaka mtu anatapika damu. Kwahiyo mzee wa mwaloni akija zahanati tumbo limejaa, jibu liko mdomoni tayari, kichocho hicho, anapewa praziquantel, na nyumbani wanaongezea la kwao kwamba amerogwa. Silaumu zahanati, kwa maeneo haya kichocho ni jibu la kwanza lenye akili. Lakini lisiwe jibu la mwisho, kwasababu ini hilohilo linaweza kuwa na kichocho na B au C kwa pamoja, na vikiwa pamoja uharibifu unakwenda haraka zaidi. Praziquantel inaua minyoo, kirusi haikigusi. Ninachosema ni kwamba kila tumbo lililojaa maji na kila mgonjwa anayetapika damu kanda hii angetakiwa kupimwa B na C siku hiyohiyo, na vipimo hivyo vya awali ni vya bei ndogo.

Kuna historia inayounganisha kichocho na C ambayo huku haisimuliwi sana. Misri kuanzia miaka ya 1950 mpaka miaka ya 1980 mwanzoni walikuwa wanatibu kichocho vijijini kwa sindano za mshipa, kampeni kubwa ya serikali kwa nia njema kabisa, sindano zikawa zinarudiwa bila kuchemshwa inavyotakiwa, na kirusi cha C ambacho wakati huo hata hakijagunduliwa (kiligunduliwa 1989) kikasambaa kwa mamilioni. Misri ikawa miongoni mwa nchi zenye C nyingi kuliko zote duniani. Halafu hao hao Wamisri kati ya Oktoba 2018 na Aprili 2019 wakapima karibu watu milioni 50, na la maana zaidi, aliyekutwa na kingamwili alipelekwa kwenye kipimo cha kirusi, na aliyekutwa na kirusi alipewa dawa bure. Oktoba 2023 Shirika la Afya Duniani likawatambua kuwa nchi ya kwanza kufikia ngazi ya dhahabu kwenye njia ya kutokomeza C. Watu wakisimulia habari ya Misri wanakomea kwenye ile milioni 50. Ukiondoa kipimo cha pili na dawa, ile ingekuwa takwimu ya kusomwa kwenye hotuba tu.

Sasa tuje kwenye hoja za wanaopinga, na zipo zenye uzito. Ya kwanza wanasema C Tanzania ni wachache, B ndo wengi, ukimwi upo, malaria ipo, kichocho kipo, kwanini tuhangaike na ugonjwa wa wachache? Hii hoja naiheshimu. Ni kweli B ndo kubwa zaidi kwetu na kwa watu wa kawaida mtaani C haijasambaa kama ilivyokuwa Misri, kwahiyo kunakili mtindo wa Misri wa kupima kila mtu itakuwa kuchoma hela, utapima maelfu upate wachache, na katika hao wachache baadhi watakuwa wamekutwa nayo kimakosa kwasababu kipimo chochote kikitumika kwa watu wengi wasio na ugonjwa makosa yake yanaonekana mengi. Lakini ukiifuata hoja hiyo mpaka mwisho inakupeleka kwenye kuchagua pa kupima, haikupeleki kwenye kuacha kupima. Na kanda hii pa kuchagua panajulikana. Wagonjwa wa selimundu, ambao kanda ya ziwa inao wengi kuliko sehemu kubwa ya nchi, wameongezewa damu mara ngapi tangu utotoni? Wanaosafishwa figo. Wanaotumia methadone, ile dawa ya kuacha heroini, na waliowahi kujidunga. Wanaohudhuria CTC, zile kliniki za wenye VVU. Wenye matumbo niliyowasema. Na kuna kundi ambalo limeshapimwa tayari bila gharama mpya yoyote, wachangia damu, maana kila chupa inayopita Damu Salama, mpango wa taifa wa damu, inapimwa VVU, kaswende, B na C. Wale wanaokutwa na C majina yao yapo, simu zao zipo. Wachache maana yake ni kwamba mkoa unaweza kuwamaliza wote bila bajeti ya kutisha.

Ya pili ni bei ya dawa, na hii inarudiwa mpaka imekuwa kama sala. Ilikuwa kweli, sofosbuvir ilipotoka ilikuwa dola 84,000 kwa wiki 12, zaidi ya shilingi milioni 200 kwa hesabu ya sasa, dola 1,000 kwa kidonge kimoja. Lakini kampuni iliyoitengeneza ikatoa leseni kwa viwanda vya India kuuza kwenye nchi za kipato cha chini na Tanzania imo, na siku hizi bei za jumla zilizopatanishwa kimataifa zimeshuka mpaka dola kama 60 kwa dozi nzima ya wiki 12, yaani laki na nusu hivi. Rwanda, hapo tu jirani, walitangaza Desemba 2018 mpango wa miaka mitano wa kutokomeza C, wakapima mamilioni na wakapata dawa kwa bei za namna hiyo kwasababu waliagiza kwa mkupuo na walijua wagonjwa wao ni wangapi. Hapo ndo penye siri. Sisi mgonjwa akiandikiwa anakwenda kutafuta duka kubwa la dawa, duka linaagiza kidogo kwasababu wateja wachache, bei inapanda, anashindwa, duka linaacha kuleta. Wateja ni wachache kwasababu waliothibitishwa ni wachache, na waliothibitishwa ni wachache kwasababu kipimo cha kirusi kiko mbali na kina bei. Kwahiyo hata ukilalamikia bei ya dawa ukaufuata huo mnyororo unarudi palepale kwenye kipimo cha pili.

Ya tatu ndo dhaifu kuliko zote na ndo inayopendwa kuliko zote, kwamba wananchi hawajitokezi, wana imani potofu, wanakimbilia kwa waganga, kwahiyo tuongeze elimu. Jamani. Watu wa huku wanajitokeza mpaka basi. Wanajitokeza kuchangia damu, wanajitokeza kliniki ya wajawazito, wanapanga foleni OPD kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, wakisikia kuna upimaji wa bure viwanja vya Furahisha hapa Mwanza wanajaa mpaka wanarudishwa. Hebu fuata safari ya mvuvi wa Ukerewe aliyekutwa na kingamwili. Anapewa karatasi ya rufaa aje Mwanza, meli na malazi, anatoa damu, anaambiwa majibu baadae, anarudi kisiwani. Anakuja tena kuchukua majibu, ana kirusi, sasa apime ini linafanyaje kazi na apigwe utrasaundi, labda siku hiyo fundi hayupo. Anakuja tena kumuona daktari bingwa. Anakuja tena kwa ajili ya dawa ambayo haipo dirishani. Kila safari ni nauli na ni siku kadhaa hajaingia ziwani, na muda wote huo haumwi, anajisikia mzima. Akiishia safari ya pili akanunua mizizi ya laki mbili kwa mtu anayemhakikishia kupona wiki mbili, mimi siwezi kuita hiyo imani potofu. Mganga yuko kijijini kwake, anampokea siku hiyohiyo na anampa kitu mkononi. Ukitaka kumshinda mganga huyo sogeza huduma, maana kwa mabango utampa tu wateja wapya waliotishwa na kipimo cha kwanza.

Na kusogeza kunawezekana, hili ndo linaniuma zaidi kwasababu vifaa vingi tunavyo. Zile mashine za GeneXpert zinazopima TB kwenye hospitali nyingi, hadi za wilaya, zinaweza kupima kirusi cha C, unabadilisha katriji tu (kile kichupa cha sampuli kinachoingizwa kwenye mashine), mashine ni ileile na fundi ni yuleyule, majibu yanatoka ndani ya saa mbili, na ipo katriji ya damu ya kidoleni inayotoa jibu kwa kama saa moja. Kwa bei ya mikataba ya kimataifa katriji hiyo ni karibu dola 15, elfu 40 hivi. Pasipo na mashine, tone la damu linakaushwa kwenye karatasi maalumu na kusafirishwa bila barafu, njia ileile inayotumika kupima watoto waliozaliwa na mama wenye VVU. Mwaka 2018 kulikuwa na majaribio ya miezi sita ya ndege isiyo na rubani kupeleka dawa Ukerewe, DHL na Wingcopter na Wajerumani wa GIZ, kilomita 60 juu ya maji kwa dakika 40 wakati barabara ni mzunguko wa kilomita 240. Sisemi turudishe ndege, bahasha ya karatasi zenye damu kavu inabebwa hata na meli ya kila siku ya Nansio, na Sengerema tangu daraja la Kigongo-Busisi lifunguliwe Juni 2025 kisingizio cha kivuko hakipo tena. Damu ndo isafiri, mtu abaki kwake.

Upande wa matibabu pia. Tangu 2022 mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unasema wazi kwamba C inaweza kutibiwa na madaktari wa kawaida na wauguzi waliofundishwa kwenye vituo vya ngazi ya chini, sio lazima bingwa. Kupima makovu ya ini kwa kuanzia kunahitaji hesabu moja inayoitwa APRI, kimeng'enya kimoja cha ini na hesabu ya chembe sahani, vitu ambavyo maabara ya wilaya inavifanya. Anayekutwa ini limeshasinyaa sana, huyo apandishwe kwa bingwa. Wapo wanaohofia kwamba kuwaachia wa ngazi ya chini kutaleta madhara, na kuna mambo mawili hapa wana haki kabisa: kabla ya kuanza dawa lazima mtu apimwe B, kwasababu C ikizimwa ghafla B iliyolala inaweza kuamka na kuua ini, na mgonjwa anayetumia rifampicin ya TB hawezi kuchanganya na vidonge hivi, vitashindwa kufanya kazi. Ila hayo yanaandikwa kwenye karatasi moja ya ukutani. Nchi iliyofundisha wauguzi kusimamia ARV maisha yote ya mgonjwa haiwezi kushindwa kuwafundisha dawa ya wiki 12.

Pesa zitatoka wapi ni swali la haki, hasa tangu Marekani isimamishe misaada Januari 2025 na maabara nyingi zilizokuwa zinabebwa na miradi zikabaki zinajitafuta. Kwangu mimi hali hiyo inatulazimisha kuacha kuendesha mashine moja kwa ugonjwa mmoja kwa mfadhili mmoja. Mashine ya TB inayokaa nusu siku bila kazi ni hasara tunayoilipia tayari. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Bunge lilishaipitisha 2023, na kitita chake kikiandikwa bila kipimo cha kirusi cha C na dawa yake ya laki na nusu, bima hiyohiyo itakuja kulipia kutoa maji tumboni kila mwezi, kufunga mishipa inayovuja damu, na vitanda vya wagonjwa wa saratani ya ini ambao wengi wao kwa hatua hiyo hakuna cha kuwafanyia. Bohari ya Dawa ikipewa idadi ya kanda nzima kwa mkupuo mmoja, Mwanza, Mara, Kagera, Geita, Simiyu na Shinyanga kwa pamoja, inaweza kuagiza kwa bei ya jumla badala ya kila mgonjwa kununua peke yake dukani. Madiwani wanapopitisha bajeti ya afya ya halmashauri swali la kuuliza ni moja tu, katriji za C ziko ngapi kwenye oda ya mwaka huu.

Kwa wewe uliyeshajipima au utakayejipima, na mstari wa pili ukatokea, usijitenge na watu na usinywe kitu chochote cha kusafisha ini, mizizi mingine inaliumiza zaidi. Nenda hospitali ya wilaya au ya mkoa, sema hivi kwa kinywa chako: naomba kipimo cha kirusi chenyewe cha C, na mnipime B kwenye damu hiyohiyo. Wakikuambia mashine yao ni ya TB, waulize kuhusu katriji.